Kisanduku Kilichomkataa Shabani

Chekeni sasa hivi mmalize kabisa, ili nikifika kwenye kamba ya ng'ombe mniache niongee, maana aibu hii nimeibeba kutoka Butiama mpaka hapa Musoma na bado kuna watu wananisimamisha sokoni kuniuliza kama nimeshaipata nukta yangu.

Chanzo ni wivu, sitaki kuzunguka. Mchumba wangu Nyangeta ni karani kwenye kituo cha maziwa cha ushirika wa wafugaji kule Butiama, na mimi nina kibanda cha kutengeneza kompyuta (kibanda ndiyo, lakini programu pia naandika, msinidharau). Sasa ushirika ulipotaka programu ya kupokelea maziwa haukuniita mimi, mkwe mtarajiwa wa pale pale, ukamwita Shabani, fundi wa Bunda, kijana mrefu, mpole, anayepiga pasi mpaka suruali ya jinzi. Tangu siku hiyo nikimpigia Nyangeta simu ni Shabani tu: Shabani ameweka rangi ya kijani ili macho yangu yasiumie, Shabani anasemaga nipumzike kidogo. Jamani, macho ya mchumba wangu yanamhusu nini?

Siku moja nikaenda kumsalimia nikamkuta amenuna. Kwenye programu kulikuwa na kisanduku cha kuandika lita, na karani mwenzake alikuwa anaandika humo "lita tisa" kwa maneno, basi programu inakwama.

"Shabani anakujaga Ijumaa," Nyangeta akasema. "Atazuia herufi, ziingie namba tu."

"Ya nini kumsubiri? Nitafanya mimi sasa hivi."

"Magesa, acha. Kazi ina mwenyewe."

Akatoka kupokea maziwa, mimi nikakaa kwenye kiti chake. Shabani alikuwa ameacha faili zake zote humo humo kwenye kompyuta, nikafungua, nikaandika amri kwamba mtu akibonyeza kitu chochote kisicho tarakimu, sifuri mpaka tisa, kisanduku kikimeze kimya kimya. Kisha nikajaribu, na mnajua nilijaribu kwa kuandika nini? Nikabonyeza S, ikakataa. H, ikakataa. Nikamaliza SHABANI yote, herufi moja moja, kisanduku kikabaki cheupe, nikasikia raha ambayo hata siku ya posa yangu sikuipata. Nikaongeza na jina la baba yake! Nikafunga, nikarudi Musoma napiga mluzi.

Nukta sikuijaribu.

Sasa pale kituoni wenye ng'ombe wengi huleta madumu yaliyojaa mpaka kwenye mstari, hawahangaiki na nusu lita. Nusu ni za akina mama wenye ng'ombe mmoja mmoja, na kati yao anayeongoza ni mama yake Nyangeta, ambaye kila asubuhi huleta lita tisa na nusu. Nyangeta huandika haraka, macho yako kwenye kipimo: tisa, nukta, tano. Kisanduku kinameza nukta kama nilivyokiagiza, zinabaki tisini na tano. Na wiki hiyo ndiyo ilikuwa ya mashindano, atakayeleta maziwa mengi kuliko wote apewe mtamba kwenye mkutano mkuu. Shabani Ijumaa hakuja, kwa sababu Nyangeta alimwambia nimeshamaliza, na mimi nikajiona nimeshinda.

Kwenye mkutano nikaenda na shati jipya (Shabani naye alialikwa, mlitaka niende na la zamani?). Mwenyekiti akafungua kompyuta, akamsoma mshindi: mama yake Nyangeta. Vigelegele vikaanza, vikakatika katikati. Mama akakabidhiwa kamba ya mtamba huku amepigwa na butwaa, na mzee mmoja mwenye zizi zima akasimama.

"Ng'ombe mmoja hatoagi maziwa hayo! Anakamua bomba? Na karani ni nani, si binti yake?"

Mkutano ukalipuka. Mtu akapiga kelele karani afukuzwe pale pale. Nyangeta analia, anasema ameandika kilichopimwa, hakuna anayemsikiliza. Na mimi, Mungu anisamehe, kwa muda mfupi nilifurahi, nikidhani kosa ni la Shabani. Lakini Shabani alikuwa ameshainama kwenye kibodi, akabonyeza mara mbili tatu, akauliza kwa ule upole wake unaoniudhi:

"Nukta inakataa. Nani amegusa kisanduku cha lita?"

Nyangeta akanitazama. Angeweza kufukuzwa na bado asingenitaja, niliona machoni pake, ndipo nikanyoosha mkono.

"Ni mimi."

"Kaka, hukujaribu kwanza?"

"Nilijaribu."

"Kwa kuandika nini?"

Uongo ulikuwepo karibu, lakini ulimi ukateleza. "Jina lako."

Watu walicheka mpaka wengine wakashika viti. Mwenyekiti akafuta machozi, akaamua: aliyeharibu amrudishe mtamba yeye mwenyewe.

Nyie mnajua heshima ya mkwe huku kwetu. Tangu nipeleke posa, nikimwona yule mama njiani naingia kwenye mihogo ya watu, sijawahi hata kumpa mkono. Leo natakiwa nikamnyang'anye ng'ombe mbele ya Butiama nzima! Nikaenda huku nimeikodolea ardhi macho, nikapapasa mpaka nikashika kamba. Mama naye kageukia pembeni. Nikavuta. Kamba haikuja.

"Shikamoo mama," nikaiambia ardhi.

Mama akaongea na mtamba.

"Wewe, nenda. Ila mwambie huyo anayekuvuta, akija kumchukua binti yangu aje na wewe, na usihesabiwe kwenye mahari."

Akaachia kamba. Sasa mtamba wa kufanana na yule nimeshamnunua kwa shida, ananenepa Kiriba kwa mjomba. Nyangeta yuko kazini kwake, na kisanduku alikitengeneza Shabani kabla soda hazijagawiwa. Mimi nimejiapiza sigusi tena programu ya mtu nikiwa na wivu, na kwa kuwa wivu wenyewe haujaisha, sigusi kabisa.