Kifuniko cha Tangi na Halbadiri Niliyotaka Kuisoma

Siku moja naikumbuka, mwanangu, ingawa mwezi wake sina hakika nao. Nitaandika kadiri nijuavyo, na penye shaka nitasema pana shaka.

Tulikuwa wanawake wanne tukilima nyanya kando ya mto Ramisi, na pampu ya maji ilikuwa moja, ya petroli, ile ya kuvuta kamba. Mimi ndiye niliyeisukuma kwa toroli kutoka nyumbani, kwa kuwa nilikaa karibu, na pia, tusidanganyane, kwa kuwa nilipenda kuonekana fundi.

Wiki ile jua lilikuwa kali na nyanya zilikuwa katika maua. Pampu ikawaka, ikanguruma kama dakika kumi, ikakohoa, ikazima. Nikavuta kamba mpaka bega likauma. Nikafungua plagi, nikaipangusa, nikairudisha, wapi. Nikafungua tangi kutazama petroli: ipo. Nikafunga, nikavuta, ikawaka. Dakika kumi, kimya. Siku tatu ilikuwa ni hivyo hivyo, na maua yakaanza kupukutika.

Nikasema, huyu ni Bakari. Bakari alikuwa akiuza petroli kwa chupa pale njia panda. Nikamwendea mbele za watu.

"Bakari, petroli yako umeichanganya na mafuta ya taa."

"Mimi, dada? Hebu inuse basi."

"Sinusi kitu. Nitakusomea Halbadiri."

Halbadiri ni kisomo cha kumwapiza aliyefanya uovu kwa siri, kimpate popote alipo, na huku kwetu hakitajwi kwa mzaha. Bakari alinijibu kwa upole: "Soma. Mimi nipo hapa hapa." Lakini jioni ile wateja wake walianza kupita upande wa pili wa barabara.

Kwa haki niongeze kwamba petroli yake iliwahi kuwa na maji siku za nyuma. Sikumzulia hivi hivi tu. Ila kosa la jana si ushahidi wa leo, na hilo sikulijua.

Kesho yake nikaenda kwa shangazi yangu Mwanasiti, aliyekuwa akikaanga mihogo ya kuuza, ili anisindikize kwa maalim. Mambo ya injini hakuyajua. Hata redio alikuwa akiwashiwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona umevimba kama andazi?"

Nikamweleza yote. Yeye alikuwa akimimina mafuta kutoka debe jipya, alilolitoboa kwa msumari tundu moja. Yalidondoka kidogo, yakagoma. Akatoboa tundu la pili upande wa juu, na mafuta yakashuka kama uzi.

"Hiyo pampu yako huwaka lini?"

"Nikishafungua tangi."

"Na ukilifunga?"

"Huzima baada ya muda."

"Sasa Bakari anaingiaje? Debe hili lisipopata pumzi juu, halitoi chini."

Hapo nikakikumbuka kifuniko. Ni mimi niliyeweka kipande cha nailoni ndani ya kifuniko, petroli isinirukie kwenye leso nikisukuma toroli. Kile kitundu kidogo cha kupitisha hewa nilikiziba kwa mkono wangu.

"Halbadiri ingemtafuta aliyeharibu pampu," shangazi akasema, akigeuza mihogo. "Ingekukuta wewe. Na mimi ningebaki na nani wa kunimenyea mihogo?"

Nikaenda nikaitoa nailoni, na pampu ikanguruma hadi petroli ikaisha. Maua yaliyoanguka hayakurudi. Nikarudi njia panda saa ya watu wengi, kwani niliposhtaki palikuwa na watu, nikasema: "Bakari, nisamehe. Mwenye kosa ni mimi."

"Kwa hiyo sasa naweza kukohoa bila kuogopa?" akasema. Watu wakacheka, naye akanisamehe. Lakini mteja mmoja au wawili hawakurudi kwake kamwe. Sijui kama ni kwa ajili yangu. Naandika kwamba huenda.

Mwanangu, injini ikikugomea, ulichokigusa mwisho ndicho ukitazame kwanza. Fungua kifuniko, kisha angalia petroli, kisha plagi na kabureta. Binadamu mwenzio awe wa mwisho. Nyani haoni kundule, na mchimba kisima huingia mwenyewe. Ukimshtaki mtu mbele za watu, basi radhi umtake mbele za watu.

Mwenyezi Mungu akupe mkono mwepesi wa kufungua na ulimi mzito wa kulaumu. Akukinge na dua mbaya za watu, na zako mwenyewe. Amin.