Itamutosha

Diploma yangu ya uchungaji niliipata Kigoma, na hakuna aliyenisomesha: asubuhi nilibeba saruji bandarini, mchana nikaingia darasani. Niliporudi kwetu Kalemie nilikabidhiwa kanisa dogo, watu wasiofika arobaini. Raha yake ni kwamba namjua kila mtu hata kwa kikohozi chake. Wakinyamaza, najua pia.

Kwanza niliwanyoosha Kiswahili. Kwetu, kuondoa kitu husemwa kutosha: tosha kiti, tosha viatu. Nikawaambia mimbarini, "Kuondoa ni kutoa. Nguo ikikukaa vizuri, hiyo ndiyo kutosha. Msiseme inaenea." Wakaitika amina.

Baada ya wiki chache, wamama wa kwaya wakaanza kukatisha maneno kila nilipotokea. Koti langu la ibada, ninalolitundika msumarini nyuma ya mimbari, likatoweka siku mbili, likarudi limekunjwa vizuri mno. Mlangoni, tukipeana mikono, kiongozi wao, mjane muuza dagaa, aling'ang'ania mkono wangu huku akinipima kwa macho bega hadi bega. Nikaelewa: wamepata mchungaji mwingine, wanatazama kama koti litamfaa.

Alhamisi, saa ya mazoezi yao, nilisimama chini ya dirisha. Sioni haya kulisema. Kanisa ni langu kulilinda. Nikamsikia mjane:

"Hii njo itamutosha Papa Muchungaji. Siku ya Mungu, mu ibada, mbele ya bantu bote!"

Wakacheka. Itaniondoa! Bila shaka ni barua ya kunishitaki. Nikausukuma mlango.

"Mama, munataka kunitosha? Mimi, mwenye diploma?"

Mikononi mwao kulikuwa na shati refu la kitenge cha bluu, sindano bado inaning'inia kwenye pindo. Mjane alinitazama, akawatazama wenzake, akacheka mpaka akakaa chini.

"Papa Muchungaji! Si ni weye njo ulitufundisha? Siye tulikuwa tunasema itamuenea, weye ukakatala!"

Hofu ilikuwa imenirudisha kwenye Kiswahili cha mama yangu. Nikalivaa shati palepale, kwanza nikiipapasa mifuko kutafuta barua, maana huwezi kujua. Ilikuwa mitupu. Mabega yalikaa vizuri kuliko ya koti nililotoka nalo Kigoma.

"Sema basi," mjane akasema, akifuta machozi kwa ncha ya kitenge chake. "Inakutosha ao haikutoshi?"

"Inaenea, Mama," nikasema. "Inaenea kabisa."