Mjomba alinishusha kwenye basi Mikumi, siku mbili kabla usajili wa chuo haujafungwa

Wakuu, mnaostahili shikamoo pokeeni, wengine mambo vipi. Hiki kisa ni changu mwenyewe na sijatia chumvi. Kama mjomba naye ni member humu, nitajibu mashtaka.

Mimi ni binti wa Kilosa, Mkaguru. Kwetu ukoo ni wa upande wa mama. Baba anakulea na kukupenda, lakini mwenye sauti juu yako ni kaka wa mama yako. Wangu ni mjomba Mathayo, fundi wa matairi pale Mikumi.

Nilipopata admission ya chuo kimoja Iringa, baba alichinja jogoo. Mama akauliza swali moja tu: "Umeshampigia mjomba wako?"

Nikasema ndiyo.

Uongo mtupu. Mjomba alitaka nisomee unesi karibu na nyumbani, mimi nilichaguliwa ualimu. Nikajisemea, nikishasajiliwa atafanya nini? Akili za form six hizo.

Sasa kutoka Kilosa kwenda Iringa unapita wapi? Mikumi.

Basi likasimama watu wachimbe dawa. Nikajifunika mtandio, nikajikunyata dirishani kama mgonjwa wa homa. Dereva akaona tairi moja limepungua upepo, akaita fundi.

Nadhani mmeshajua fundi gani, na dirisha langu lilikuwa juu ya tairi hilohilo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Safari ya wapi?"

"Iringa. Chuo."

"Nani anajua?"

"Baba."

"Baba yako anajua," akasema taratibu. "Na sisi?"

Akamwambia konda ashushe begi langu. Konda alidhani utani. Basi likaondoka, mimi nimebaki nimekaa juu ya tairi bovu nalia bila aibu. Ilikuwa Jumatano, usajili unafungwa Ijumaa saa kumi. Niliona chuo kinaniponyoka hivi hivi.

Mjomba hakunigombeza. Alininunulia chai na chapati, akafunga kibanda, tukageuza hadi Mvumi kwa bibi mzaa mama.

Alhamisi ndugu wa mama wakakusanyika uani kuniaga. Mama alikuja, hakutaka hata kunitazama. Bibi akachukua maji mdomoni, akanipulizia kifuani, akasema, "Nenda mjukuu wangu. Huko uendako, ujue una kwenu."

Basi. Dakika tatu, wakuu. Hicho ndicho nilichokuwa nakikimbia.

Ijumaa alfajiri mjomba akanisindikiza mwenyewe. Njiani nikamuuliza kama angenikatalia.

"Ningekataa siku moja," akasema. "Ya pili ningekubali. Wewe umeninyima hiyo siku moja."



Tulifika imebaki nusu saa. Dada wa usajili akauliza kama huyu ndiye baba. "Baba yupo nyumbani," mjomba akajibu, "mimi ndiye mwenye mtoto." Dada akamwandika kwenye nafasi ya mlezi.

Mwaka wa pili nilipata supp mbili, mitihani ya kurudia, nikampigia mama kwamba naacha chuo. Kesho yake mjomba alikuwa getini hostel, kucha bado zina grisi. Hakuhubiri. Alikaa tu mpaka niliposema narudi darasani.

Juzi kati nimepewa kadi za mahafali, mbili tu kwa kila mhitimu. Moja ya mama, moja ya mjomba. Nikampigia baba kumwomba radhi, moyo unaniuma kweli. Akacheka.

"Hata ungenipa nisingekuja. Siku hiyo niko Magole, mtoto wa dada yangu anaagwa, anakwenda kuanza chuo."

Miaka yote nilimhurumia baba, kumbe naye ni mjomba wa mtu.

"Alikupigia lakini?" nikamtania.

"Mapema sana. Nilishamsimulia habari zako."

Nilichojifunza wakuu, mtu wako mpe nafasi ya kukukatalia. Ukimkwepa unamwonea, na kumbe alikuwa anakuja kukubali.

Haya, uwanja ni wenu. Kwenu wa kuagwa ni nani, na nani kati yenu alimkwepa akakutwa kwenye basi kama mimi?