Mirija Yote ya Kizota

Biashara huria ilipofungua milango, mitumba haikuja na suruali peke yake. Kwenye marobota ya soko letu pale Dodoma zilikuja kofia za masikio, makoti ya kumfukia mtu mzima mzima, na vitabu. Vitabu hivyo hakuna aliyevitaka kwa kusoma. Viliuzwa kwa kilo kwa wauza karanga, kwa kuwa karatasi zake nene zilikunjika vizuri. Shangazi yangu wa Ipagala, niliyekuwa nakaa kwake, aliuza karanga na barafu, kwa hiyo niliishi ndani ya machinjio ya vitabu.

Niliokoa vitatu. Kimoja cha nyangumi. Kimoja kilisema dunia inazidi kupata joto na barafu ya kaskazini inayeyuka. Cha tatu, kipenzi changu, kilihusu wanaume waliokwenda na meli na mbwa hadi kule dunia inakoishia, kwenye barafu tupu, kwa hiari yao. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, miaka minne kwenye dawati la watoto wa darasa la pili, magoti yakiwa masikioni, na kwa elimu hiyo nilijiona naweza kusoma chochote kilichowahi kuandikwa na binadamu. Mchana nilipiga randa kwenye karakana ya useremala Kizota. Jioni nilimsimulia shangazi niliyoyasoma huku akifunga mifuko yake.

Shida ilikuwa lugha. Kwake barafu ni ile ya kwenye kimfuko cha nailoni, unaing'ata kona, unafyonza. Nilipomwambia kwamba huko nchi nzima ni barafu, aliuliza ya ubuyu au ya zabibu. Nikasema haina ladha yoyote. Akawahurumia. Kisha akauliza swali ambalo hata kitabu hakikuligusa: nani aliwatuma? Nikasema hakuna. Kwao kulikuwa na njaa? Hapana, nikasema, walikuwa na siagi. Alitikisa kichwa mpaka kilemba kikalegea.

Kuhusu dunia kupata joto, alisema habari hiyo anayo tangu zamani, ya kwake inayeyuka kila Jumanne na Alhamisi. Mvua zilikuwa zimegoma. Maji ya bwawa la umeme la Mtera yalishuka mpaka, kwa maelezo yangu ya wakati ule, kambare wakawa wanatembea kwa miguu, na umeme ukawa wa mgao.

Katikati ya mgao huo akina mama wa parokia wakamwagiza barafu mia mbili za zabibu, za watoto wa kipaimara, Jumapili baada ya misa. Shangazi akawaapia kwamba zitakuwa ngumu kama mawe. Ijumaa likaja tangazo: mtaa wetu hauna umeme kuanzia Jumamosi asubuhi hadi Jumapili jioni.

Nikasimama kama waziri anayejibu swali. Nikamwambia shangazi asihangaike, dawa imo kitabuni. Nahodha wa ile meli alikumbuka utoto wake, jinsi baba yake alivyotunza barafu tangu majira ya baridi mpaka ya joto, ndani ya shimo, akiwa ameizungushia "straw". Neno hilo nililitafuta kwenye kamusi yangu ya mfukoni, ndogo kama kiberiti, iliyoamini kwamba kila neno linatosheka na maana moja. Straw: mrija.

"Mrija huu wa soda?" shangazi aliuliza.

"Huohuo. Ndani una hewa. Baridi ikiingia mle inapotea njia, haitoki."

Alinitazama kwa muda wa kuivisha maharage. "Haya, msomi. Zikiyeyuka, vitabu vyako vyote vitatu vinafungia karanga."

Jumamosi nilimaliza mirija yote ya Kizota. Nilipita maduka ya jumla, nikapita baa, nikapita hoteli za chai. Siku ile mji mzima ulikunywa soda kwa kubandika mdomo kwenye chupa, waheshimiwa wabunge wakiwemo. Nilipopita karakana na maboksi kichwani, fundi wetu mkuu, mzee wa Kigogo asiyepoteza maneno, aliniuliza kama nafungua baa. Nilimweleza sayansi yangu yote nikiwa nimesimama kwenye maranda hadi vifundoni. Alisikiliza, akarudi kwenye msasa wake.

Tulichimba shimo nyuma ya jiko, la kumtosha ndama. Mirija chini, barafu zilizoganda usiku wa Ijumaa, mirija tena, gunia, udongo juu.

Jumapili tulifukua, tukajaza mabeseni, tukabeba na boksi la mirija iliyobaki, tukaenda mbio hadi uwanja wa kanisa. Watoto walikuwa wamejipanga mistari miwili, padri yuko mbele. Shangazi alifunua beseni la kwanza, akaminya mfuko mmoja. Ukaminyika. Ulikuwa baridi, baridi ya heshima kabisa, lakini ndani ni maji. Alinigeukia kwa jicho ambalo lingeweza kuzigandisha zote mia mbili upya. Kisha akamgeukia padri na uso wa malaika.

"Baba, hizi ni za kisasa. Hazing'atwi, zinanyonywa."

Akachomoa mrija kwenye boksi, akatoboa mfuko, akampa mtoto wa kwanza. Ndani ya dakika mbili palikuwa na vita. Kijana mmoja alichomeka mirija minne kwenye mfuko mmoja akawa kama anapiga kinanda cha mdomo. Akina mama wakauliza kama shangazi anaweza kuwaletea tena za namna hiyo siku ya Pasaka.

Fundi naye alikuwepo, mjukuu wake alikuwa kwenye mstari. Aliokota mrija chini, akaugeuzageuza.

"Msomi, huyo baba yake nahodha, zama zile, plastiki aliipata wapi?"

Nikaanza kuhesabu miaka kwa vidole.

"Watakuwa wamesema mabua. Mabua makavu. Au hata maranda, yale unayofagia kila siku karakanani."

Nilimwambia nitalifikisha kwa wenye kamusi.

Nilidhani sifa za kanisani zimeniokoa. Jioni nikamkuta shangazi na beseni la karanga, vitabu vyangu vitatu mapajani. Hakugomba. Aliuliza tu ziliyeyuka au hazikuyeyuka, nikasema ziliyeyuka. Nyangumi akaenda. Dunia yenye joto ikaenda. Wiki ile Ipagala walikula karanga kutoka kwenye mapezi na chati za hali ya hewa.

Alipofika cha tatu, mkono ulisita.

"Hawa walirudi kwao?"

"Sijafika huko, shangazi."

"Soma. Kama walikufa huko, hakuna cha kutunza. Kama walirudi, kikae."

Nikafungua kurasa za mwisho, nikasoma kimoyomoyo, naye ameshika jalada. Hali haikuwa nzuri. Mbwa walikuwa wameliwa. Mpishi alikuwa ameanguka kwenye ufa. Nikakohoa, nikaanza kutafsiri.

Kwa Kiingereza walirudi watu wawili. Kwa Kiswahili niliwarudisha wote ishirini na saba, pamoja na mbwa, na mbwa mmoja alikuwa amezaa njiani.