Breki za Kona ya Ignas

Odilia hagusi breki za gari lolote kabla ya kuvua kandambili. Mguu mtupu hausemi uongo, ndivyo anavyosema, na pale gereji ya Viwanja Sitini wanaume waliomcheka mwaka wa kwanza ndio hao hao waliomletea magari yao mwaka wa pili. Fundi wa breki mwanamke! Wacha wacheke. Mama huyu amemlea binti yake Edna kwa spana, wala hajawahi kumgongea jirani kuomba chumvi.

Lakini miaka mitatu sasa, kila akikanyaga pedali moyo humwenda mbio. Mumewe, Ignas, alikuwa dereva. Siku moja akiteremka milima ya Uchindile alitumbukia bondeni na gari, yeye na abiria wawili wakafa. Mmoja aliyepona alisema neno moja tu: Ignas alikanyaga breki, ikawa ngumu kama jiwe. Sasa ile busta, dude la mviringo linaloupa mguu nguvu, nani aliifunga siku moja kabla? Odilia. Basi, kesi ikaishia hapo. Mama mkwe wake, bibi Agnella wa Mofu, alikataa kumpa mkono makaburini, mbele za watu, na hajampa hadi leo. Lililouma zaidi ni kwamba Odilia mwenyewe aliamini. Kila siku alizifunga upya nati za busta ile kichwani, moja moja, akiitafuta aliyoisahau.

Ndipo akaja Kheri, anayeendesha pikapu ya baba yake, mwenye duka mjini, kupeleka sukari na sabuni Uchindile. Akamwamkia, shikamoo mama Edna, kisha akabaki anachezea funguo. Akaeleza kwamba breki zinamkazia, na si kila mahali, ni mteremkoni tu, karibu na kona ambayo watu sasa wanaiita Kona ya Ignas. Mara tatu mwezi huu. Madereva wanasema pale pana kitu, na lisemwalo lipo. Mkewe, Amira, alishafunga hirizi kwenye kioo. Na keshokutwa alikuwa ampakie Amira huyo na mtoto wao mchanga, wampeleke kwa bibi yake huko huko juu.

Jua la saa saba likiwaka, Odilia akaisogelea pikapu. Akavua kandambili. Injini ikiwa imezimwa, akakanyaga pedali mara nne, tano, hadi ikakaza. Akauacha mguu pale pale, akamwambia Kheri awashe. Pedali ikashuka taratibu chini ya unyayo, kama inavyotakiwa. Busta ni nzima. Akatega sikio kwenye mpira wa hewa unaotoka kwenye injini; haukuvuja. Akafungua magurudumu yote manne. Pedi zilikuwa nzuri, hakuna kilichong'ang'ania. Gari halina ugonjwa kabisa! Ningekuwa mimi ningechukua changu nikaenda kula. Yeye aliogopa. Gari zima, linagoma mahali alipofia mumewe. Alitamani kumwambia kijana akatafute fundi mwingine, kisha akamfikiria yule mtoto mchanga, akasema waende akalione linapougulia.

Walipanda milima. Huko juu wakageuza gari, na Odilia akaushika mkanda kwa mikono miwili. Mteremko ulipoanza, mkono wa Kheri ulifanya kitu kwa mazoea, wala hakuutazama. Ulitoa gia, kisha ukageuza ufunguo. Kimya. Pikapu ikaserereka, matairi tu ndiyo yaliyosikika. Alipokanyaga mara ya kwanza pedali ilikuwa laini. Mara ya pili, laini. Mara ya tatu Kheri alikuwa karibu asimame wima juu ya pedali, na kona inakuja.

"Washa injini," Odilia alisema. "Washa sasa hivi."

Aliwasha. Pedali ikalegea, gari likasimama hatua mbili kutoka ukingoni. Odilia akamweleza polepole. Busta inaishi kwa injini. Ukiizima inakubakizia akiba ya kukanyaga mara mbili, tatu, baada ya hapo una mguu wako tu na Mungu wako. Kheri akajitetea kwamba mteremkoni gari linajishukia lenyewe, madereva wote huzima ili kuokoa mafuta, na haijawahi kumdhuru mtu.

"Nani alikufundisha?"

Kheri aliinamisha kichwa. "Baba Edna. Sisi wote wa njia hii, yeye ndiye alitufundisha."

Odilia akashuka, akakaa kwenye jiwe kando ya barabara, akalia kwa sauti. Alilia kwa hasira na kwa nafuu, vyote pamoja. Nati zilikuwa zimekaza. Zote! Mwanaume analala na fundi wa breki kitanda kimoja, anamficha jambo hilo kwa sababu anajua atagombezwa, kisha anawagawia wenzake kama njugu.

Kheri akachuchumaa mbele yake, akamsihi asimwambie bibi Agnella. Bibi yule hana kilichobaki ila jina la mwanawe, na ndugu za wale abiria wawili wanaishi Mofu hiyo hiyo. Wakisikia, itakuwaje?

Odilia akainuka kwenye jiwe. Akauliza madereva waliofundishwa ni wangapi. Kheri akahesabu, akafika kumi na mmoja, akakwama.

"Nipeleke Mofu," Odilia alisema. "Anisikie leo. Kesho nitawaambia hao kumi na mmoja."

Kheri akawasha gari, na hakulizima tena mpaka mlangoni kwa bibi Agnella.