Pijo la Zahira Shemndolwa

Zahira Shemndolwa ametengeneza meno ya watu wa Toronto kwa miaka kumi na tisa, na katika hao wote hakuna hata mmoja anayemjua. Wanatafuna mahindi kwa kazi ya mikono yake, wanacheka nayo kwenye picha za harusi, kisha wanamshukuru daktari. Daktari naye anaitikia bila haya, kana kwamba aliyachonga yeye. Ndivyo kazi yenyewe ilivyo. Fundi wa meno bandia hukaa chumba cha nyuma chini ya taa kali, na anacholetewa ni chapa ya kinywa ya plasta yenye namba, si mtu mwenye jina. Zahira hakuona ubaya wowote. Jioni alipanda basi la Kipling, akabadilisha, akafika Mount Dennis kumpikia bintiye Ruqayyah. Aliyemuuliza kazi yake alijibiwa, "Niko maabara," basi.

Lakini mikono ile! Sisemi kwa kumpamba. Wapo mafundi wanaochonga jino likawa jino tu, na yupo Zahira, ambaye akikuchongea jino hata ulimi wako hautajua kwamba kinywani kuna mgeni.

Miaka tisa iliyopita alikuja pale maabara Mzee Ivo Menezes, Mgoa mzaliwa wa Nairobi, karani mstaafu, mcheshi, mtanashati wa suruali zilizopigwa pasi hadi zinakata. Alikuja kulinganisha rangi ya meno yake mapya ya juu. Akaona mezani fremu ya chuma ya meno, nyembamba mno, akaishika kwa vidole viwili.

"Sasa wewe mama," alisema, "ukiweza tengeneza kitu ndogo hivi ya mdomo, kweli utashindwa na uso ya gari?"

Kumbe mzee alikuwa mwanachama wa klabu ya watu wanaounda vigari vya mfano vya magari ya zamani. Vigari vyenyewe ni vidogo mara ishirini na nne kuliko gari halisi, kimoja kinalala kwenye mkono toka kifundo hadi ncha ya kidole cha kati. Bodi alikuwa akiiweza. Kilichomshinda kilikuwa shoo ya mbele, vile vyuma vya kung'aa vilivyo kama meno ya gari. Vya dukani vilikuwa plastiki iliyopakwa rangi ya fedha, na mzee alikuwa hawezi kuvitazama bila kununa.

Zahira alimchongea shoo hiyo kwa nta, akaizika ndani ya plasta, akaichoma tanurini hadi nta ikayeyuka na kuacha tundu lenye umbo lake, halafu akamimina humo chuma cha meno kilichoyeyushwa. Alipovunja plasta ilitoka shoo kamili, akaisugua ikawaka. Ndivyo anavyotengeneza meno kila siku, kwa hiyo hakuona ajabu. Mzee Ivo ndiye aliyeona ajabu. Nusura alie. Kesho yake alirudi na boksi zima la sambusa.

Tangu hapo ikawa desturi. Mzee ataleta picha, Zahira atachonga, sambusa zitakuja. Ikafuata bampa, zikafuata fremu za taa, kisha wanachama wengine wawili wakapenyeza maombi yao kupitia kwa mzee. Mzee Ivo alishinda vikombe vitatu kwenye maonyesho ya klabu. Zahira alisikia habari za vikombe hivyo kama unavyosikia habari za mvua ya mji mwingine.

Mwaka jana mzee alimwalika kwenye maonyesho yenyewe, kwenye ukumbi mmoja huko Etobicoke. Zahira akaenda, akapita meza kwa meza, hadi alipofika kwenye gari la Mzee Ivo lenye shoo aliyoichonga yeye wiki nzima. Mbele yake palikuwa na kadi. Iliandikwa kwamba gari lile limo katika kundi la kazi za mkono, ambalo sharti lake ni mshiriki kutengeneza kila kitu mwenyewe, na kwamba kila kitu kimetengenezwa na Ivo Menezes.

Aliisoma mara mbili. Alikuwa amezoea daktari kuchukua shukrani, lakini daktari hakuwahi kuandika kadi. Alipofika nyumbani, kabla hata ya kuvua koti, alitoa albamu na kuchomoa picha ya baba yake, Mzee Hemedi, amesimama Korogwe kando ya Pijo 404 alilokuwa akiendesha kwenda Lushoto. Akachukua rula, akaanza kupima picha.

"Mom, unafanya nini?" Ruqayyah aliuliza.

"Naunda gari."

Ilimchukua miezi kumi na moja. Mwenye maabara alimruhusu kutumia mabaki baada ya saa za kazi, naye hakuacha baki hata moja lilale bure. Bodi aliimimina kwa ile plastiki ya kutengenezea ufizi bandia, kwa hiyo wiki nyingi Pijo la Mzee Hemedi lilikaa juu ya friji likiwa la waridi tupu, Ruqayyah akicheka hadi kushika mbavu. Vioo vilitoka kwenye plastiki angavu ya vile vifuniko wanavyovaa wanaosaga meno usingizini. Matairi aliyamimina kwa mpira wa kuchukulia chapa ya kinywa, aliouchanganya na masizi ukawa mweusi. Usukani aliuweka kulia, mahali pake. Keria ya juu aliisuka kwa waya wa kunyooshea meno ya watoto. Na shoo ya mbele, ile aliiacha mwisho, akaichonga jinsi ilivyo kwenye picha: chuma cha tatu kutoka juu kimebonyea kidogo upande wa kushoto, kumbukumbu ya kugonga mbuzi mmoja wa Mombo, ambaye baba yake aliendelea kumlaani hadi alipofariki.

Lilipopakwa rangi ya maziwa na kukauka, Zahira aliliweka mezani, akakaa mbele yake na kikombe cha chai. Alijivuna peke yake jikoni, na ilikuwa haki yake kujivuna. Alitaka kitu kimoja tu: kadi iseme kweli.

Jumamosi ya maonyesho alivaa gauni la sikukuu na mtandio mpya. Ruqayyah alibeba sanduku kama aliyebeba mayai. Waliliweka Pijo kwenye meza ya kazi za mkono, na haikupita muda watu wakalizunguka. Ndipo akaja Walter, mwamuzi mkuu, mwalimu mstaafu, mpole, mwenye lenzi shingoni. Aliinama. Alikaa ameinama muda mrefu. Aliposimama, alisema kwa Kiingereza, taratibu, kama anayempa mgonjwa habari:

"Mama, gari hili ni zuri sana. Lakini hii shoo naifahamu. Tazama ncha za vyuma zilivyoviringwa kwa ndani. Katika mji huu mtu mmoja tu anamalizia hivi, naye ni Ivo. Hakuna ubaya kusaidiwa, ila kundi hili haliruhusu. Nitalihamishia meza ile."

Meza ile ilikuwa ya magari ya kuunganisha, yanayotoka dukani ndani ya boksi.

Damu ilimpanda Zahira usoni. Kusaidiwa! Mkono wake mwenyewe ulikuwa umepewa mtu mwingine, na sasa anaambiwa ameuazima. Aligeuka. Mzee Ivo alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, na wajukuu zake wawili, mmoja amekumbatia kikombe cha mwaka jana. Alikuwa amesikia kila neno. Macho yalipokutana, mzee aliinama kufunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe havikuwa na kamba.

"Mom, waambie!" Ruqayyah alinong'ona kwa ukali. "Just tell them ni wewe!"

"Nyamaza, mwanangu."

"Kwa nini?"

"Mzee havuliwi nguo mbele ya wajukuu zake."

Basi mzee asivuliwe nguo, sawa. Lakini na Pijo halihami. Zahira aliweka kiganja juu ya meza, mbele ya gari, akamwambia Walter kwa Kiingereza chake kilichonyooka, "Litakaa hapo lilipo. Nipe nusu saa." Kisha kwa binti yake: "Niletee mshumaa."

Ruqayyah alileta kimshumaa cha bati kutoka meza ya kahawa, na kisahani. Zahira alitoa mkobani kisu chake cha nta, ambacho hakimtoki kama vile wengine hawatokwi na simu. Aliiyeyusha nta, akaimwaga kwenye kisahani ikawa utando, akangoja igande, akaanza kukata. Ilikuwa nta mbaya, laini, inayonata, si ile ya kazini. Mara mbili ilimkatikia. Mara mbili alianza upya bila kuinua uso. Watu walijaa, kwanza watano, kisha ukumbi mzima. Chuma kimoja, cha pili. Alipofika cha tatu alikibonyeza kwa ncha ya kisu, upande wa kushoto, hakulitazama gari wala picha. Akaviringa ncha zote kwa ndani, akakisukuma kisahani mbele ya Walter.

Walter alikiweka kando ya Pijo. Akatazama hiki kwa lenzi, akatazama hicho. Akakohoa.

"Ivo?" aliita, na hakuongeza swali.

Mzee Ivo alikuja polepole. Zahira aliujua vizuri uongo uliokuwa ukimngojea mzee pale, maana ulikuwa rahisi mno: nilimfundisha mimi. Maneno mawili tu, na nani angebisha? Mzee akawatazama wajukuu. Kisha akamgeukia yeye, akasema kwa Kiswahili:

"Zahira, mimi nimekula jasho yako miaka tisa. Ungeweza niaibisha hapa, na hukunisema. Sasa wacha nijiseme."

Akawageukia watu, akatamka kwa Kiingereza ili asibaki wa kutoelewa. "Shoo zote zilizonipa vikombe ni za mikono ya huyu mama. Mimi nilizibandika na gundi tu." Akakichukua kile kikombe mikononi mwa mjukuu wake na kukiweka mezani.

Walter alimuuliza Zahira, "Ni kweli?"

"Kweli," alisema Zahira. "Na bampa." Akafikiri kidogo. Kusitiri kuna mipaka yake. "Na fremu za taa za yule bwana pale, na za mwenzake aliye nyuma ya nguzo."

Mabwana wawili walishikwa na kikohozi kwa wakati mmoja, na ukumbi ukaangua kicheko. Hata Mzee Ivo alicheka, machozi yakimtoka, na Zahira akamshika mkono asianguke. Hasira ilikuwa bado ipo, asidanganye mtu, lakini ilikuwa imepata pa kukaa.

Siku ile Pijo lilipata nafasi ya pili. La kwanza lilikuwa gari la mzee mmoja aliyelihangaikia miaka sita, na Zahira alilikagua kwa lenzi, akakiri kwamba alistahili. Kabla ya kuondoka, Walter aliichana kadi aliyokuwa ameshaliandikia Pijo kwa ajili ya meza ya magari ya kuunganisha, akamletea nyingine tupu na kalamu.

"Safari hii uandike wewe," alisema.

Zahira alikaa, akaandika kwa herufi kubwa, bila haraka: Zahira binti Hemedi Shemndolwa, fundi, wa Korogwe na Toronto. Kila kitu kwa mikono yangu. Kadi ikajaa toka ukingo hadi ukingo.

Ruqayyah alichungulia juu ya bega lake. "Mom, hujaandika ni gari gani."

Zahira aliisimamisha kadi mbele ya Pijo, akarudi nyuma hatua moja kuitazama.

"Gari si hilo hapo?" alisema. "Watajionea."