Damu Haitaki Shoti

Saa kumi na moja alfajiri, theluji imelala mlimani, na Motlatsi Sekhonyana anazifunga chupa za damu kifuani, ndani ya blanketi lake. Anapanda. Farasi anashika telki, ule mwendo laini wa haraka ambao Wasotho huwafundisha farasi wao tangu wakiwa wadogo.

Njiani wachungaji wanamtania.

"Ntate Motlatsi! Umebeba mayai au bibi harusi?"

"Nimebeba mama zenu!"

Wao wanacheka. Yeye hacheki.

Kazi yake ni kupeleka damu za wagonjwa zikapimwe, kutoka kliniki ya kijijini hadi hospitali ya bondeni, barabara ikizibwa na theluji.

"Damu nzima ikitulia hujitenga," anasema. "Nyekundu chini, juu maji ya manjano. Ukiitikisa mno, yale maji nayo yanakuwa mekundu. Basi tena, imeharibika."

Hayo aliyajua siku zote. Lakini mwaka juzi, majira ya baridi, mkewe Mapuleng alijifungua mtoto wa kike pale kliniki na damu ikakataa kukatika. Muuguzi alimpa Motlatsi chupa ya damu ya mkewe, ili hospitali imtafutie damu inayopatana na yake.

"Nilimpiga farasi shoti mlima mzima. Mke wangu, jamani! Wewe ungeenda telki?"

Hospitalini, mpimaji aliizungusha chupa kwenye mashine, akaiinua kwenye mwanga. Nyekundu tupu, chini hadi juu.

"Pole, kaka. Hii haipimiki. Nikibahatisha nitamuua. Kalete nyingine."

Alirudi mbio. Alisikia vilio kabla hajafika uani mwa kliniki.

"Mama mkwe hakunilaumu," anasema. "Alisema, 'Mwanangu, ulimkimbilia.' Afadhali angenichapa."

Tangu siku ile hajampiga farasi shoti, hata mvua ya mawe ikimnyeshea. Mtoto, Puleng, analelewa na bibi yake.

Sasa kliniki imeahidiwa chumba chake cha kupimia damu, na jokofu la kuihifadhi. Motlatsi anapita kila jioni kutazama kuta zinavyopanda.

"Wakikifungua tu, nampakia Puleng mbele yangu, tunapiga shoti mpaka mtoni. Mtoto wa Kisotho huyu, na hajawahi kumwona baba yake akikimbiza farasi."